Je, Wajua? Tumbawe Laini Hujivua Ngozi

Tumbawe laini la jamii ya Sarcophyton, lenye umbo la uyoga, huweza kunywea siku kadhaa huku limefunikwa na utando unaong'aa kama nta. Mgeni wa kufuga matumbawe katika tangi la maji ya chumvi hudhani limekufa, akalitoa. Tafadhali asiharakishe! Linajivua ngozi ya juu pamoja na mwani na uchafu ulioganda, na mkondo mzuri wa maji huusaidia utando huo kubanduka.

Tatizo kubwa la tangi dogo ni mvuke. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kwa hiyo jazia maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku, chumvi isipande mbali na gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi.

Matumbawe laini hayana mifupa mizito ya chokaa, hivyo mengi hujilinda kwa sumu ziitwazo terpeni. Baharini sumu hizo husambaa zikapotea. Katika lita 60 za maji hujikusanya na kuwadhuru majirani, hasa matumbawe magumu. Mkaa wa kuchujia unaobadilishwa mara kwa mara ni wa lazima, kwa maoni yangu, hata maji yakionekana maangavu.

Na Xenia, tumbawe laini jingine, anayefumba na kufumbua minyiri yake bila kuchoka? Mwaka 2013 watafiti waliomchunguza jamaa yake Heteroxenia katika Bahari ya Shamu walionyesha kwamba mwendo huo huondoa oksijeni iliyozidi, na mwani ulio mwilini mwake ukazidi kutengeneza chakula.