Kioo, Tangazo na Mkorogo: Jinsi Taswira ya Nafsi Inavyouongoza Mkono wa Mnunuzi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu za kujichubua zinazouzwa mitaani ni mfano mzuri wa kibaya kinachojitembeza: madhara yake yametangazwa kwa miaka mingi, nyingi zimepigwa marufuku, na bado wanunuzi hawakomi. Si sahihi kuwaita wanunuzi hao wajinga. Miongoni mwao wamo wasomi, wafanyabiashara, mabibi harusi, na hata wanaume. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe fedha yake kununua kitu alichokwisha kuonywa kwamba kitamdhuru?

Makala haya yanaeleza kwamba kinachonunuliwa dukani si krimu pekee. Mnunuzi hununua pia picha ya mtu anayetamani kuwa. Mhudumu wa afya asiyeifahamu picha hiyo atamwonya mgonjwa juu ya kopo, ilhali mgonjwa anafikiria kioo.

Jicho hupokea, ubongo hutafsiri

Utambuzi ni kazi ya ubongo ya kuchagua, kupanga na kutafsiri habari zinazoletwa na milango ya fahamu. Jicho hupokea mwanga tu. Maana ya kile kinachoonekana hutolewa na ubongo, kwa kutegemea mazingira na mazoea. Rangi moja ya kijivu ikiwekwa juu ya kitambaa cheusi huonekana nyeupe zaidi kuliko ikiwekwa juu ya kitambaa cheupe, ingawa haikubadilika hata kidogo.

Watengenezaji wa matangazo huitumia tabia hiyo. Katika picha ya “kabla”, uso hupigwa kwenye mwanga hafifu, nywele zimetimka na mdomo umenuna. Katika picha ya “baada”, taa zimewashwa, nywele zimesukwa na mhusika anatabasamu. Mambo mengi yamebadilika kwa pamoja, lakini mtazamaji huelekezwa kuamini kwamba kilichobadilika ni ngozi, na kilichoibadilisha ni krimu.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alieleza kwamba maofisa wa jeshi waliomsifu askari kwa sifa moja walielekea kumsifu kwa sifa nyingine pia, hata zisizohusiana. Ndivyo ilivyo katika tangazo. Mwanamke mwenye ngozi nyeupe huonyeshwa pia akiwa na kazi nzuri, mchumba na gari, na mtazamaji huviunganisha vyote bila kuambiwa. Mwaka 1968 Robert Zajonc naye alionyesha kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa sababu tu wamekiona mara nyingi. Kwa hiyo tangazo halihitaji hoja nzito ili lifanikiwe. Kurudiwa kwake kunatosha kulifanya lizoeleke na kuaminika.

Nafsi mbili na pengo kati yake

Taswira ya nafsi ni picha ambayo mtu anayo juu yake mwenyewe. Mwaka 1902 mwanasosholojia Charles Horton Cooley aliifananisha na kioo: tunafikiria jinsi tunavyoonekana kwa wengine, tunafikiria wanavyotuhukumu, kisha tunaona fahari au haya. Mwaka 1954 Leon Festinger aliongeza kwamba mtu asiye na kipimo cha uhakika hujipima kwa kujilinganisha na wenzake.

Kila mmoja wetu, basi, ana nafsi aliyo nayo na nafsi anayoitamani, na kati yake kuna pengo. Tangazo hulipanua pengo hilo, kisha huuza daraja la kulivuka. Nchini India, krimu iitwayo Fair & Lovely iliingizwa sokoni mwaka 1975, na kwa miaka mingi baadhi ya matangazo yake yalimwonyesha msichana aliyekataliwa akipata kazi au mchumba baada ya kuwa mweupe. Mwaka 2020, kufuatia lawama nyingi, jina lilibadilishwa kuwa Glow & Lovely. Kwetu pia maneno hubadilika: leo huuzwa “kung'arisha”, kesho “kutakatisha”, keshokutwa “kusawazisha rangi”.

Hata hivyo, tangazo halikulianzisha pengo hilo peke yake. Mtoto aliyezoea kusikia dada yake akisifiwa kwa weupe, na yeye akitaniwa kwa weusi, ameshaandaliwa kuwa mteja kabla hajaliona tangazo la kwanza. Nyuma ya hayo ipo historia ndefu ya utumwa na ukoloni, iliyowapanga watu kwa rangi zao. Siku hizi simu nayo hung'arisha uso kabla picha haijatumwa, na mtu akajikuta akishindana na sura yake mwenyewe isiyokuwepo.

Gharama inayolipwa na mwili

Watu wote, weusi kwa weupe, wana idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tofauti ipo katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa. Melanini huikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Anayeiondoa huondoa mwavuli wake.

Viambato vitatu hupatikana mara nyingi katika krimu hizi na katika mkorogo unaochanganywa saluni au nyumbani. Zebaki huzuia utengenezaji wa melanini, lakini hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Huweza kumfikia mtoto aliye tumboni, na mvuke wake huwafikia wengine waishio nyumba moja na mtumiaji. Hidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya samawati, yaani kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Steroidi kali, kama klobetasoli, huifanya ngozi kuwa nyembamba, kupata michirizi na kuchelewa kupona vidonda. Ikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Hatari hii imejulikana Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa wakipoteza protini nyingi kupitia figo na kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, na zebaki ndiyo iliyoshukiwa.

Sheria zimefuata. Mwaka 1990 Afrika Kusini ilipiga marufuku hidrokwinoni katika vipodozi na kuzuia matangazo yanayodai kuchubua au kung'arisha ngozi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019. Lakini sheria huondoa kopo rafuni. Haiwezi kuondoa haya moyoni.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anayekemewa huficha. Akificha, figo zake zitachunguzwa bila chanzo kujulikana, na mshonaji wa kidonda cha upasuaji atashangaa ngozi ikichanika kwenye uzi. Ni bora kuuliza kwa namna isiyohukumu: “Dada, wengi wanaokuja hapa hutumia krimu na sabuni za aina mbalimbali. Wewe unatumia zipi? Ukiweza, niletee na makopo yake.” Kisha uliza alianza lini, na kwa nini. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloonyesha pa kuanzia ushauri.

Krimu inayodhaniwa kuwa na zebaki iachwe mara moja, na mkojo na figo vipimwe. Aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu ahitaji mpango wa daktari. Akiacha ghafla, ngozi huweza kuwasha, kuwaka na kuvimba, naye akaamini kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimtibu na kurudi dukani. Pia mwili wake huweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni zake wenyewe. Aelezwe mapema kwamba rangi itarudi taratibu, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo migumu.

Kwa msomaji

Soma lebo. Jihadhari na krimu isiyotaja viambato vyake, inayotaja zebaki, kalomeli au alama Hg, au inayoonya isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Usikubali mchanganyiko usio na jina. Ukikutana na tangazo, jiulize mambo mawili: katika picha hizi mbili, ni nini kingine kilichobadilika? Na kabla sijaliona tangazo hili, je, nilikuwa na shida ninayoambiwa ninayo?

Wazazi na walezi tunayo kinga isiyouzwa duka lolote. Mtoto anayesifiwa kwa adabu, bidii na akili, na ambaye rangi yake haifanywi mzaha mezani, hukua akiwa na kioo kisichompotosha. Huyo, akifikia umri wa kununua, tangazo litamkuta hana pengo kubwa la kuzibwa.