Usambaaji wa Atomi Kwenye Nyuso za Metali Zenye Vidato

Uso wa metali, hata ukisuguliwa hadi ung'ae kama kioo, hauwi sawa katika kipimo cha atomi. Huwa na tambarare nyembamba zinazotenganishwa na vidato ambavyo aghalabu vina kimo cha atomi moja. Makala haya yanafafanua namna atomi inavyosafiri juu ya uso wa aina hiyo, na sababu ya kizuizi kimoja cha ukingoni kuleta matokeo mawili yanayopingana.

Katika tambarare, atomi huruka kutoka kishimo kimoja hadi kishimo jirani pale mitetemo ya joto inapoipatia nishati ya kutosha. Ikifika chini ya kidato, hupata majirani wengi zaidi, hivyo hunaswa. Katika uso wa platinamu wenye atomi zilizosongamana zaidi, atomi iliyo juu ya tambarare hugusana na majirani 3, ilhali iliyo chini ya kidato hugusana na 5.

Ikikaribia ukingo kutoka juu, hali hubadilika. Ili ishuke kwa kuuvuka ukingo huo, sharti ipite mahali penye majirani wachache mno. Kwa hiyo huhitaji nishati ya ziada. Mwaka 1966, Gert Ehrlich na F. G. Hudda walilibainisha jambo hilo kwa hadubini ya ioni: atomi za tungsteni zilifika ukingoni zikarudi badala ya kushuka. Mwaka huohuo, Richard Schwoebel na Edward Shipsey walieleza athari zake kwa mwendo wa vidato.

Nishati hiyo ya ziada ikichukuliwa kuwa elektronivolti 0.1, na vigezo vingine vikiwa sawa, kasi ya kushuka hupungua takribani mara 48 katika kelvini 300, lakini mara 7 tu katika kelvini 600.

Matokeo hutegemea umbo la awali la uso. Uso ukiwa na vidato vingi vinavyoshuka upande mmoja, atomi hujiunga zaidi na kidato kilicho juu ya tambarare yao. Tambarare pana hukilisha kidato hicho kwa wingi. Kidato husonga mbele haraka, na upana wake hupungua. Hivyo nafasi baina ya vidato husawazishwa. Kinyume chake, katika uso bapa, atomi zilizozuiliwa juu ya visiwa hukutana na kuunda visiwa vipya juu yake. Mwaka 1991, Jacques Villain alionyesha kwamba hali hiyo huzaa vichuguu badala ya utando laini.

Hata hivyo, kuvuka ukingo si njia pekee. Atomi inaweza kuisukuma atomi ya ukingoni na kuchukua nafasi yake, pengine kwa nishati ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo, kigezo cha usambaaji kilichopimwa katika tambarare pekee hakitoshi kutabiri ulaini wa utando. Sharti mchakato wa ukingoni nao ubainishwe.