MAELEZO KWA WANANCHI: DAWA ZA SONONA KWA WAZEE

Wananchi wa Lugoba na vijiji vya jirani wanakumbushwa kwamba sonona ni maradhi yenye tiba. Si uzee, wala si uvivu. Mzee aliyepoteza furaha, usingizi na hamu ya chakula kwa wiki 2 au zaidi apelekwe kituo cha afya.

Je, dawa husaidia? Naam, ila si kila mgonjwa. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wazee, karibu nusu ya waliopewa dawa walipata nafuu kubwa. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, walioona nafuu hiyo ni kama theluthi moja. Nafuu ya mzee huchelewa, pengine hata wiki 6 hadi 8. Basi asiache dawa siku ya 10 akidhani imeshindwa.

Amitriptilini huweza kumletea mzee kizunguzungu, kufunga choo na kuzuia mkojo. Fluoksetini huweza kupunguza chumvi katika damu. Kwa hiyo huanzwa kwa kipimo kidogo, na tabibu aelezwe dawa zote anazotumia mzee, pamoja na miti shamba.

Mwenye kutaja kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.