Neumann: Kiwanda cha Maikrofoni Kilichogawanywa na Vita

Katika miaka ya 1920 maikrofoni nyingi za redio zilitegemea chembe za kaboni. Sauti ilipozibana, ukinzani wake kwa mkondo wa umeme ulipungua, ilipoziachia, uliongezeka. Njia hiyo ni rahisi, lakini chembe hizo hutoa mkwaruzo wake zenyewe, nao husikika nyuma ya maneno ya msemaji. Georg Neumann, Mjerumani aliyekwisha kushirikiana na Eugen Reisz kuunda maikrofoni ya namna hiyo, alichagua njia nyingine. Mwaka 1928 yeye na Erich Rickmann walianzisha kampuni mjini Berlin.

Chombo chao cha kwanza, CMV 3, kilichopewa jina la utani "chupa" kwa umbo lake, kilikuwa maikrofoni ya kapasita. Ndani mna utando mwembamba unaopitisha umeme, uliowambwa kama ngozi ya ngoma mbele ya bamba la metali. Viwili hivyo hushika chaji. Sauti inapoutikisa utando, nafasi baina yake na bamba hubadilika. Na kwa kuwa chaji ni ile ile, volti hupanda nafasi inapopanuka na kushuka inapopungua. Ishara hiyo ni hafifu mno, ndiyo sababu chupa ilibeba valvu ya kuikuza papo hapo.

Mwaka 1943 mabomu yaliiharibu karakana, na kazi ikahamishiwa Gefell, mji mdogo wa Thuringia. Vita vilipokwisha, Gefell iliangukia eneo la Wasovieti. Neumann akarudi kujenga upya upande wa magharibi wa Berlin; waliobaki Gefell wakaendelea na kazi. Shina moja likazaa viwanda viwili katika nchi mbili. Cha Gefell kilitaifishwa mwaka 1972 na kurudi mikononi mwa watu binafsi baada ya Ujerumani kuungana. Cha Berlin kilinunuliwa na Sennheiser mwaka 1991.

Maikrofoni ya U 47, iliyotoka Berlin mwaka 1949, ilikuwa na swichi ya kuchagua kunasa sauti za pande zote au za mbele tu. Sifa zake hazikuiokoa: valvu yake, VF 14 ya Telefunken, ilipoacha kutengenezwa, U 47 nayo haikuwa na budi kukoma, na U 67 ikashika nafasi yake mwaka 1960.

Transista ziliondoa utegemezi huo. Mwaka 1966 shirika la utangazaji la Norwei lilitaka maikrofoni zisizohitaji kila moja kisanduku chake cha umeme. Studio zake zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa taa za dharura. Neumann akaupitisha katika nyaya zile zile zinazobeba sauti. Ndiyo asili ya tarakimu 48 iliyoandikwa kando ya swichi za mitambo ya studio.