Uzuri wa Mkakasi

Wako ndugu zetu wa Visiwani waliohamishiwa kazi bara, hata Usoke, kituo cha reli magharibi ya Tabora, watamanio gari la mbio la milango miwili kwa akiba ndogo. Tamaa hiyo si dhambi. Ila bei ya muuzaji siyo gharama yote. Toyota iliacha kuunda Celica mwaka 2006. Aiagizaye leo hutozwa ushuru wa ziada uliowekwa kwa magari yaliyozidi miaka 8. Tena tumbo lake li karibu na ardhi, na barabara za vumbi hazina huruma. Mnunuzi na akague kutu chini ya gari kabla ya kusifu rangi, na abakize fedha za vipuri. Maofisa nao hawana budi kuueleza ushuru huo kwa Kiswahili chepesi, mwananchi aujue kabla ya kulipa.