Paa Likingalo Mvua

Wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hivi karibuni tulikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za kikazi za siku mbili, na tuliyoyaokota huko tumeona ni wajibu kuwagawia ndugu zetu wa visiwani, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya ujenzi wa miji yetu.

Msafiri aingiaye bandarini kwa boti huupokea mji kwa macho kabla hajaukanyaga. Mbele yake husimama majengo pacha ya PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari, yote yakiwa na ghorofa zaidi ya 30, vioo vikimeremeta juani. Si mbali na hapo, kando ya Barabara ya Sokoine, lingalipo Boma la Kale, la mawe ya matumbawe na boriti, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati Sayyid Majid wa Unguja alipouasisi mji ule. Tulisimama tukayatazama yote kwa furaha. Majengo marefu ni jasho la wafanyakazi, na mwenye kuyabeza hawatendei haki.

Hata hivyo, jengo lililotuvutia kuliko yote halisifiki kwa urefu. Nalo ni Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu wa Kitanzania, marehemu Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni la zege, limeundwa mithili ya miavuli iliyopinduliwa. Chini yake hewa hupita, na muuzaji hupata kivuli kama aliyeketi chini ya mwembe. Juu yake mvua hukingwa na kuteremshwa hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi.

Hilo ndilo la kuiga. Ukuta wa vioo katika nchi ya joto hulikaribisha jua ndani, kisha umeme hulipiwa ili kulitoa. Nasi Unguja twategemea zaidi maji ya visima. Kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia. Pamoja na hayo, kila masika maji ya mapaa mengi ya skuli na afisi zetu hukimbilia mitaroni, na baada ya miezi michache akina mama huonekana na ndoo vichwani. Tunashauri kwamba ramani ya jengo lolote la umma isipitishwe mpaka imeonesha maji ya paa lake yanakwenda wapi.

La pili ni matunzo. Soko hilo la Kariakoo liliungua Julai 2021, likahitaji fedha nyingi kukarabatiwa. Novemba 2024, katika eneo hilo hilo, jengo la ghorofa lilianguka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kwetu nako, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Misiba hiyo haina sababu moja, lakini yote yatukumbusha kuwa jengo, liwe la mawe au la zege, lataka jicho la mkaguzi na fungu la fedha kila mwaka. Nyumba za Michenzani, ambazo ni fahari ya Mapinduzi, zastahili heshima hiyo hiyo.

Kwa hivyo tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika, watakapoketi kupanga bajeti, waandike fungu la matengenezo kwanza, ndipo waandike lile la sherehe za ufunguzi. Wananchi nao wasichoke kuuliza fungu hilo limetumikaje.