Tope Kavu na Yai Lisiloonekana

Barabara ya Lushoto kwenda Mombo huteremka takribani kilomita 33, ikipita Soni na kona zake nyingi. Kabeji, karoti, hoho na saladi za mabonde ya Usambara hushuka humo kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Karoti na saladi huliwa mbichi. Hivyo kinachotiwa kwenye matuta huweza kumfikia mlaji asiyepata kuiona milima hiyo.

Kwa sababu hiyo tope la majitaka, hata likishatibiwa, halistahili kuitwa mbolea kabla ya kupimwa. Kinachohofiwa zaidi ni yai la mnyoo askarisi. Ganda lake ni gumu, na penye ubaridi, unyevu na kivuli hudumu hai kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili palipo na nyuzijoto 2 hadi 20, na zaidi ya mwaka mmoja palipo na nyuzijoto 20 hadi 35. Muda unaotosha Tanga mjini, basi, hauwezi kupandishwa Lushoto vivi hivi.

Kosa huanzia kwenye lundo. Mchukuaji huchota juu, palipokaushwa na jua, ilhali mayai hai yamo kiini na chini. Yapasa kuchota sehemu nyingi na kwa vina mbalimbali, kuchanganya vyema, kisha kuligawa rundo hilo mara nne na kupunguza hadi ibaki sampuli ndogo. Sampuli hufungwa katika chombo safi, huandikwa tarehe na mahali, na husafirishwa ndani ya sanduku la barafu bila kugandishwa. Formalini haitiwi ikiwa uhai wa mayai utapimwa.

Maabarani sampuli hugawanywa. Sehemu moja hukaushwa kwa nyuzijoto 105 ili kujua kiasi cha yabisi. Sehemu ya kutafutia mayai hubaki mbichi. Huoshwa kwa sabuni laini ili mayai yaachane na chembe, huchujwa, kisha huelezwa katika salfeti ya zinki yenye uzito mara 1.2 wa maji.

Kipimo cha yabisi si jambo la kupuuzwa. Kikomo ni chini ya yai 1 kwa gramu ya yabisi. Yai moja katika gramu 2 za tope bichi laonekana kuwa nusu tu. Lakini kama yabisi ni robo ya tope hilo, hesabu ni mayai 2 kwa gramu, na lundo limeshindwa.

Mayai yakionekana, huatamishwa kwa nyuzijoto 28 kwa wiki tatu au nne ili kuona kama viluwiluwi vitajiunda ndani. Mkulima anayengoja mvua huuona muda huo mrefu. Hata hivyo lundo hubaki limefunikwa, mbali na mfereji, hadi jibu litoke.